Aliyeifunga simu yako siye aliyechukua majina yako

*“Habari mtaalamu. Mimi ni fundi cherehani, niko Morogoro. Mwaka jana nilichukua simu ya mkopo kwa wakala, natoa 1,500 kila siku, zimebaki kama siku arobaini. Juzi kati nilibanwa na ada ya mtoto, nikaona linki ya programu ya mkopo kwenye kundi la WhatsApp. Niliomba 60,000, ikaingia 42,000, natakiwa kurudisha 60,000 ndani ya siku saba. Nilichelewa siku nne. Watu wakaanza kunipigia: mwalimu wa mwanangu, mama mkwe, mpaka mteja aliyeniletea kitambaa mara moja tu. Wote wametumiwa ujumbe kwamba mimi ni tapeli na wao ndio wadhamini wangu. Ile programu nimeifuta lakini ujumbe unaendelea. Shoga yangu anasema hawa wa simu ya mkopo ndio waliotoa majina, kwa sababu wana uwezo wa kuifunga simu hata nikiwa mbali, basi wanaona kila kitu. Nikaelekezwa nipige \*#21#, nikaona maandishi sikuyaelewa. Fundi wa simu pale stendi anataka 30,000 aiflashi iwe yangu kabisa. Je, niiflashi? Na kuna mtu anasoma meseji zangu? Naogopa hata kumpiga mtoto picha.”*

Kwanza pole, dada. Pole ya deni, na pole zaidi ya aibu, maana hiyo ya pili ndiyo inayomnyima mtu usingizi. Kukopa kwa ajili ya ada ya mtoto si utapeli. Aliyekuandika tapeli kwa mwalimu wa mwanao alijua fika kwamba neno hilo litakuuma kuliko riba, na ndiyo maana akalichagua.

Barua yako imebeba mambo matatu yaliyofungwa fundo moja: simu inayoweza kufungwa ukiwa mbali, majina yaliyotoka, na hofu kwamba kuna jicho linasoma meseji zako. Shoga yako ameyaunganisha, na kwa nje kweli yanafanana. Lakini kila moja lina mhusika wake na dawa yake. Ukitumia dawa ya hili kwa lile, 30,000 za fundi zitakwenda na tatizo litabaki palepale.

Nikupe majibu kwa kifupi, halafu nieleze. Usiiflashi, yaani usimwache fundi afute kila kitu na kuweka mfumo wa simu upya. Majina ya watu yaliyo kwenye simu yako yalichukuliwa na ile programu ya mkopo, tena dakika uliyobonyeza “Ruhusu”. Katika uliyoyaeleza sioni dalili kwamba kuna mtu anasoma meseji zako, ila kuna sehemu za kukagua leo leo, na mojawapo, ambayo hukuitaja kabisa, ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote: Gmail ya hiyo simu.

Ushahidi kwamba si watu wa simu uko ndani ya barua yako mwenyewe. Ulipochukua simu ulijaza fomu, ukaandika namba za watu wawili au watatu wa karibu. Hao ndio kampuni ya simu inaowajua. Mteja aliyekuletea kitambaa mara moja hakuwa kwenye fomu yoyote. Mahali pekee ambapo namba yake ilikuwepo ni kitabu cha majina ndani ya simu yako, na kitabu hicho kuna mtu ulimfungulia bila kujua ukubwa wa mlango.

Fikiria nyumba zetu za kupanga, zile za korido katikati na vyumba huku na huku. Kila mpangaji ana chumba na kufuli lake, lakini uani ni kwa wote. Simu ya Android imejengwa hivyo. Kila programu unayoiweka inapewa namba yake ya mpangaji na chumba chake. WhatsApp ina chumba chake, programu ya benki chake, mchezo wa mtoto chake. Programu ya mkopo haiwezi kuingia chumba cha WhatsApp ikasoma mazungumzo yako. Mfumo wenyewe unaikatalia. Ila uani kuna vitu ambavyo mpangaji yeyote anaweza kuviomba: kitabu cha majina, picha, meseji za kawaida, orodha ya simu ulizopiga na kupokea, mahali ulipo, kamera, kipaza sauti. Tangu Android 6 ya mwaka 2015, ombi la kwenda uani linakuja kwenye kioo nawe unajibu “Ruhusu” au “Usiruhusu”. Kabla ya hapo ulikuwa unakubali yote kwa mpigo wakati wa kupakua.

Watu wengi hudhani ruhusa ya majina ni kama kumruhusu mtu atupie jicho. Sivyo. Programu iliyoruhusiwa inaweza kunakili orodha nzima na kuituma kwao. Majina mia nne ni mzigo mdogo kuliko picha moja ya harusi. Yanaondoka kwa sekunde chache hata bando likiwa ukingoni. Ndiyo maana kuifuta programu hakukuzuia ujumbe. Umemtoa mpangaji, ila nakala alikwisha kuituma.

Na watu huniuliza, walijuaje kwamba huyu ni mama mkwe? Angalia ulivyomwandika. Kwenye simu zetu watu wako kama “Mama Mkwe”, “Mwl Drs la 4”, “Bosi Kariakoo”, “Mchungaji”. Anayetaka kukuaibisha hahitaji upelelezi, anasoma majina tu na kuchagua yale yatakayokuuma. Kama ulikuwa umeruhusu pia orodha ya simu, aliona hata unampigia nani mara nyingi.

Sasa kuhusu ile linki. Tangu tarehe 31 Mei 2023, Google wamezikataza programu za mikopo binafsi zilizoko kwenye duka lao la Play kugusa kitabu cha majina na picha za mtumiaji. Sera yao pia hairuhusu programu inayodai mkopo wote urudi ndani ya siku 60 au pungufu. Yako ilikudai siku saba. Kwa hiyo hata bila kuiona, nina hakika ilikuwa inavunja kanuni za duka, na kwa vile uliipata kwa linki ya WhatsApp, yaelekea haikupitia duka kabisa. Linki ya namna hiyo hushusha faili la programu moja kwa moja kwenye simu, na simu hukuuliza kama unaruhusu kuweka kitu kutoka chanzo kisichojulikana. Lile swali ndilo geti la mwisho. Siku nyingine likitokea, jibu ni hapana, hata aliyekutumia akiwa ndugu yako wa damu, kwa sababu naye huenda ametumiwa tu.

Tazama na hesabu yenyewe. Ulipokea 42,000, ukatakiwa kurudisha 60,000. Hiyo ni 18,000 juu ya 42,000 kwa wiki moja, karibu asilimia 43. Mitaani tunaiita kausha damu, na imelistahili jina hilo. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yanakopesha mtandaoni bila leseni. Kabla ya kukopa tena popote, tafuta jina la kampuni kwenye orodha ya watoa huduma ndogo za fedha wenye leseni ya Benki Kuu. Jina la kampuni, si jina zuri la programu. Programu hubadilisha jina kila baada ya muda mfupi.

Tuje kwenye simu ya mkopo. Mtindo huu ulipata nguvu Afrika Mashariki mwaka 2020, pale Safaricom na Google walipoanza kuwauzia Wakenya simu kwa malipo ya shilingi 20 za kwao kwa siku. Ili muuzaji akuamini bila dhamana, simu yenyewe inageuzwa kuwa dhamana. Ikiwa bado mpya, kabla hujakabidhiwa, inawekewa programu yenye cheo cha msimamizi wa kifaa kizima. Katika nyumba yetu, huyu ndiye aliyeshika ufunguo wa geti. Ukichelewesha malipo anafunga kioo. Anaweza kukuzuia usiifute programu yake, na usiirudishe simu kwenye hali ya kiwandani.

Ufunguo wa geti hauingii kwenye kufuli la chumba. Cheo hicho hakimpi uwezo wa kusoma mazungumzo yako ya WhatsApp. Lakini nisikupe faraja nusu nusu. Msimamizi wa kifaa kizima ana uwezo mkubwa kuliko programu ya kawaida: anaweza kuona orodha ya programu ulizonazo, na anaweza kuweka nyingine bila kukuuliza. Wapo wanaofuatilia mahali simu ilipo, na hilo huandikwa kwenye mkataba kwa herufi ndogo. Una haki ya kuujua. Nenda na mkataba wako uombe wakuoneshe sehemu inayosema wanachukua taarifa gani, na nini kinatokea ukimaliza kulipa. Kama hukupewa nakala, idai.

Kuhusu kuiflashi: nawaheshimu mafundi wetu wa stendi, wameokoa simu nyingi na picha nyingi za marehemu wetu. Ila kazi hii nakukataza. Kwa simu nyingi za mkopo, usajili haukai ndani ya simu peke yake. Namba ya IMEI, yaani utambulisho wa simu, ile inayotokea ukipiga *#06#, imeandikwa pia kwenye kompyuta za kampuni au za mtengenezaji. Fundi akifuta kila kitu, simu ikawaka na kupata intaneti, inaulizia hali yake, inajibiwa kwamba bado inadaiwa, na kufuli linarudi. Hapo umepoteza 30,000, umepoteza picha, na umevunja mkataba ukiwa umebakiza 60,000 tu.

Wapo mafundi watakaokwambia wanajua njia zaidi, yaani kubadilisha hiyo IMEI. Hapo umeingia kwenye kosa la jinai chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Bila shaka unakumbuka Juni 16, 2016, simu zenye IMEI bandia zilivyozimwa nchi nzima usiku wa manane. Usiitoe simu yako halali kwa mkono wako uipeleke kwenye kundi hilo. Na jambo ambalo watu hawalifikirii: kumwachia mtu simu ikiwa wazi, na neno lako la siri limeandikwa kwenye kikaratasi juu yake, ni kumpa vyote unavyoogopa kwamba vimeshachukuliwa.

Sasa ile Gmail. Nijibu moyoni mwako: ulipochukua simu, nani alifungua akaunti ya Google?

Mwaka huu nilikaa na mzee mmoja dereva wa bajaji, Mbagala. Alikuja akilalamika kwamba picha zake “zinapotea na kurudi”. Simu ya mkopo, kama yako. Nikamwomba afungue Mipangilio, tukashuka hadi kwenye akaunti. Jina la barua pepe halikuwa lake. Lilikuwa jina la duka, likifuatiwa na namba 37. Kijana wa dukani alikuwa anawafungulia wateja akaunti mojamoja, namba ikipanda, na mzee hakuwahi kuambiwa neno la siri. Tukaingia sehemu ya usalama inayoonesha vifaa vilivyoingia kwenye akaunti hiyo. Vilikuwa viwili: simu yake, na nyingine asiyoijua. Majina yake yote, pamoja na picha za mke wake akiwa amelazwa hospitali, yalikuwa yanajihifadhi kwenye akaunti ambayo ufunguo wake anao mtu mwingine. Mzee alikaa kimya muda mrefu, halafu akaniuliza kama yule kijana anaweza kuona mahali bajaji ilipo. Ilibidi nimwambie ukweli, kwamba anaweza.

Sisemi kijana yule alikuwa na nia mbaya. Inawezekana alikuwa anawahi foleni tu. Lakini mwenye neno la siri la akaunti ya Google anaona majina yaliyohifadhiwa, anaona picha kama zinapakiwa huko, anaweza kutafuta simu ilipo, na anaweza hata kuifuta ikiwa mbali. Hana haja ya kudukua chochote, kwa sababu mlangoni ana ufunguo halali. Na kuna hasara ya pili. Tangu Android 5.1, simu ikirudishwa kwenye hali ya kiwandani kwa njia isiyo ya kawaida, inadai akaunti ileile iliyokuwepo. Hulijui neno la siri, basi umebaki na kioo tu mkononi.

Kwa hiyo leo jioni, mashine ikishanyamaza, fungua Mipangilio, nenda kwenye akaunti, usome jina la barua pepe herufi kwa herufi. Kama ni lako na neno la siri unalijua, libadilishe, weka namba yako ya simu kuwa ndiyo ya kurejesha akaunti, kisha uingie kwenye orodha ya vifaa na utoe kila usichokitambua. Washa na uthibitishaji wa hatua mbili. Kama akaunti ni ya wakala, fungua yako mpya kwanza, hamishia majina na picha huko, hakikisha yamefika, ndipo uiondoe ile ya zamani. Simu ikikataa kuiondoa, usilazimishe. Nenda dukani, simama mbele ya aliyeifungua, na mwambie akukabidhi. Neno jipya la siri liandike kwenye daftari la vipimo vya wateja ukitaka, mradi daftari linabaki nyumbani. Kulisahau ni hatari kubwa kwako kuliko kuliandika.

Ukimaliza hapo, nenda sehemu ya Faragha, kuna kidhibiti cha ruhusa. Majina ya menyu yanatofautiana kidogo kati ya Tecno, Infinix, itel na Samsung, lakini utaipata. Gusa Anwani, ambalo ndilo jina wanalokiita kitabu cha majina. Itakuletea orodha ya programu zote zinazoruhusiwa kukisoma. WhatsApp utaikuta, na ni sawa, inaihitaji. Tochi haihitaji majina ya watu. Kikokotoo hakihitaji. Zizimie. Rudi nyuma ufanye hivyo kwa meseji, kwa orodha ya simu, kwa mahali ulipo, kwa kipaza sauti. Usiogope kwamba utaharibu. Programu ikikosa kitu inachokihitaji kweli itakuomba upya, na safari hii utajibu ukijua. Kwenye meseji uwe mkali zaidi, maana humo ndimo zinamopita taarifa za miamala na zile namba za uthibitisho za mara moja. Anayesoma meseji zako anajua una salio gani kabla ya mume wako.

Kuna ruhusa moja iliyo mbali na orodha hiyo, inaitwa Ufikivu. Iliwekwa kwa ajili ya wasioona, ili programu isome kilichopo kwenye kioo kwa sauti. Huo ni msaada mkubwa kwa wenye kuuhitaji. Lakini programu yenye Ufikivu haina haja ya kuomba kwenda uani wala kuvunja kufuli la chumba: imesimama nyuma ya bega lako, inaona unachoandika na unachosoma, WhatsApp ikiwemo, na inaweza kubonyeza kwa niaba yako. Usimbaji wa WhatsApp, yaani kuugeuza ujumbe kuwa fumbo, unalinda ujumbe ukiwa njiani. Ukishafika kwenye kioo, anayekiona kioo anausoma. Fungua Ufikivu utazame kama kuna programu usiyoijua imewashwa. Ikiwemo, izime mara moja. Tangu Android 13 simu huzizuia programu zilizotoka nje ya duka kupewa ruhusa hii, na ndiyo maana matapeli siku hizi hukupigia simu wakikuelekeza hatua kwa hatua jinsi ya kuondoa kizuizi. Mtu akikuelekeza hivyo, kata simu.

Ndani ya WhatsApp yenyewe, tazama vifaa vilivyounganishwa. Ukikuta kompyuta au kivinjari usichokijua, kitoe. Mara nyingi anayesoma WhatsApp ya mtu ni wa nyumbani au wa kazini aliyeshika simu dakika mbili.

Ile *#21# isikusumbue. Meseji inayozunguka kwamba namba hizo zinaonesha kama simu “imedukuliwa” si ya kweli. Zinaonesha kitu kimoja tu: kama simu zinazokupigia zinaelekezwa kwenye namba nyingine. Ukiona maneno yanayomaanisha “haijaelekezwa”, basi hakuna kitu. Ukiona namba usiyoijua, piga ##002# kufuta maelekezo yote. Wakati uko hapo, piga na *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Hilo lina faida zaidi kuliko *#21#.

Rudi sasa kwa watu waliotumiwa ujumbe, kwa sababu na wao wameumizwa. Namba ya mama mkwe ni taarifa yake, si yako wala ya mkopeshaji. Usikae kimya ukingoja yapite, ukimya ndio wanaoutegemea. Watumie ujumbe mmoja mfupi, mtulivu: “Habari. Kuna watu wamechukua namba yako kwenye simu yangu bila ruhusa yako. Wewe si mdhamini wangu na hudaiwi chochote. Tafadhali usiwajibu wala usiwatumie pesa. Nisaidie kupiga picha ya skrini ya ujumbe wao unitumie. Samahani kwa usumbufu.” Mwalimu mpigie, au mwendee shuleni ukiweza. Uso kwa uso dakika tano humaliza yale ambayo meseji kumi haziwezi. Na mtu hawi mdhamini kwa sababu jina lake limekutwa kwenye simu ya mtu. Mdhamini ni yule aliyekubali.

Zile picha za skrini ndizo silaha yako. Zionekane na namba iliyotuma, tarehe na maneno yote. Ongeza na uthibitisho wa 42,000 ilipoingia, na ile linki kama bado iko kwenye kundi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyopitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 1, 2023, inakupa haki ya kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na kudai taarifa zako zifutwe. Kwa mkopeshaji asiye na leseni, wapelekee na Benki Kuu. Namba zinazotuma vitisho zitume kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Usikubali anayekwambia kwamba kulalamika ni bure: Septemba 2023 huko Kenya, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza kampuni ya programu za KeCredit na Faircash shilingi 2,975,000 za Kenya kwa mchezo huuhuu wa kuwasumbua watu waliotolewa kwenye vitabu vya majina, na kesi ilianza kwa malalamiko ya watu wa kawaida.

Deni lenyewe ni suala tofauti na matusi, usiyachanganye. Ulipokea 42,000 na katika barua yako sioni popote kwamba ulikusudia kumdhulumu mtu. Unadaiwa kiasi gani kisheria na mtu asiye na leseni, hilo kamuulize msaidizi wa kisheria; wapo wilayani na huduma yao kwa wasio na uwezo ni bure. Ninachoweza kukukataza mimi ni kulipa ada ya “kuongeza muda”. Unalipa, siku zinasogea, deni linabaki lilelile. Na usikope programu nyingine kulipia hii.

Nenda polisi, kwa miguu yako, kama vitisho vimegusa mwili wako au mtoto, kama wametumia picha yako au kutengeneza picha ya aibu, au kama pesa zimeondoka kwenye akaunti yako bila wewe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inawapa pa kuanzia. Pesa zikiwa zimeondoka, kabla ya polisi piga mtandao wako kwanza, dakika zina thamani. Na kama aibu hii imekufikisha mahali ambapo huoni kesho, tafuta mtu leo, dada, mtu wa kukaa naye, na ufike kituo cha afya. Nimeona watu wazima wakivunjwa na meseji hizi.

Mtoto mpige picha. Baada ya kukagua ruhusa za picha na kuhakikisha akaunti ni yako, picha hiyo inakaa kwako. Kama umeruhusu programu nyingine kufika kwenye picha, simu za kuanzia Android 14 zinakuwezesha kuchagua picha chache tu badala ya albamu nzima. Simu yako ikiwa ya zamani, kataa tu.

Siku arobaini zikiisha, usiridhike na meseji ya pongezi. Dai uthibitisho wa maandishi kwamba umemaliza. Washa intaneti, zima simu na uiwashe, kwa sababu kufuli huondolewa kutoka upande wao na simu lazima ipate taarifa. Kisha ingia Mipangilio, sehemu ya usalama, utazame wasimamizi wa kifaa: yale maneno kwamba simu inasimamiwa na shirika hayatakiwi kuwepo. Yakiwepo bado baada ya siku mbili tatu, rudi dukani na risiti. Usitoke mpaka wayaondoe ukiwa unaona, na fanya hivyo siku ya kazi asubuhi, wakati ofisi yao ya makao makuu inapokea simu.